Mahali Tulipomlaza

Tuliokuwepo siku ile ni wanne. Mimi, mama wa mzazi. Binti yangu mwenyewe, aliyekuwa amerudi kwetu Kitahana kujifungua, maana kwetu mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyempokea mtoto. Na jirani yetu, mama aliyekimbia vita Burundi, tuliyesali naye jumuiya moja. Majina yao nayakumbuka yote, hata ya ubatizo, ila nimeona nisiyaandike.

Uchungu ulimshika binti kabla ya siku zake, na mvua ilikuwa imeharibu njia ya kwenda zahanati. Mtoto alitoka wa kike, mdogo sana, sauti yake kama ya paka aliyenyeshewa. Wifi hakungoja katekista. Alichota maji ya mtungini kwa kikombe, akammiminia kichwani kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, akampa jina la bibi yangu. Tulipoitikia amina alikuwa bado anapumua. Baada ya hapo, hapana.

Binti akasema, "Nipeni nimwone."

"Ukimwona leo utamwona kila siku," wifi akamjibu. "Lala, mwanangu. Mungu atakupa wengine."

Akanitazama mimi. Nami nikatazama mlango. Ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu: mzazi haoni, haendi kuzika, na kaburi la kichanga haliachwi likiwa na tuta. Tulimlaza sisi wanawake watatu migombani nyuma ya nyumba. Tukasawazisha udongo, tukapanda chipukizi la mgomba juu yake, ili mama yake akipita asijue pa kusimama na kulia. Tuliona ni huruma.

Mungu alimpa wengine kweli, watatu, wazima. Yuko nao Kasulu, anauza vitenge sokoni. Lakini mtu akimuuliza ana watoto wangapi, anasema wanne. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha mbele za watu. "Watatu, mama."

Novemba iliyopita, mwezi wa kuwaombea marehemu, alishuka kwenye basi na msalaba wa mbao, ameufunga kwenye kanga. Padri alikuwa apite kubariki makaburi ya jumuiya yetu.

"Mama, nionyeshe."

Sasa, anayelima ndizi anajua kwamba mgomba hutembea. Ule wa kwanza ukishazaa unakatwa, chipukizi linatokea pembeni, na hilo nalo linatoa lake pembeni. Halafu ukaja ugonjwa wa mnyauko, tukang'oa shamba lote, tukapanda mihogo. Nilisimama katikati ya mihogo yangu mwenyewe kama mgeni. Nikanyoosha mkono. "Ni hapa."

Wifi alikuwa amejikokota na fimbo yake. "Hapo? Hapo si palikuwa na choo cha zamani! Ni huku, upande wa mparachichi."

"Mparachichi tumeupanda juzi, wifi."

"Juzi ya nani? Wewe siku ile ulikuwa unalia, ulionaje?"

"Na wewe leo hata ugali unaupapasa kwenye sahani!"

Binti alicheka kidogo, kisha akaacha. Akatembea kutoka pangu hadi pa wifi, polepole, kama anayeogopa kukanyaga kitu. Akasema, "Basi, mama zangu. Imetosha."

Padri alipouliza kama kuna kaburi limebaki, akamjibu, "Lipo, Padri, ila hatujui lilipo." Padri akanyunyiza maji ya baraka juu ya mihogo yote, upande huu hadi ule. Msalaba binti hakuusimika. Alisema hawezi kuusimika kwa kubahatisha. Aliuacha kwangu, akarudi Kasulu.

Wifi tulimzika Kwaresima iliyopita, na bado alikuwa anabisha kwamba ni kwenye mparachichi.

Watu wa jumuiya wananifariji wanasema Mungu anajua mtoto alipo. Hilo nalisadiki. Kila jioni kwenye rozari nalitaja jina lake, na sina shaka alikofika. Lakini binti yangu hakuwa amekuja kumuuliza Mungu. Alikuja kuniuliza mimi, mama yake. Laiti siku ile ningesema neno moja tu, "Mpeni."

Amebaki yule mama wa Burundi. Alihamia kwa mwanawe huko Makere, na ndiye aliyeshika jembe siku ile. Mimi nasema alichimba karibu na mtaro wa maji, nyuma ya jiko la zamani. Kama nimekosea, dada yangu, au kama yuko mtu wa Makere anayemfahamu na amesoma haya, nisahihisheni. Nguvu za kupanda basi hadi Makere bado ninazo. Nitamfuata mwenyewe.