Ruhusa ya Mume

Pudentienne alikuwa fundi wa nguo za wanawake huko Muhima, mtaa wa Kigali. Vita vilipokwisha, mwaka 1994, alirudi akakuta nyumba imebaki kuta tu na cherehani haipo. Mumewe, Frederick, aliondoka Julai pamoja na umati uliokimbilia Goma, ng'ambo ya mpaka. Tangu hapo hakuna aliyemletea habari zake, za uzima wala za kifo.

Novemba alikutana na Harriet, Mnyarwanda aliyekulia Kampala na kurejea na cherehani mbili. Wakapatana kwa mdomo: duka moja, kila mtu nusu. Wakaenda kuliandikisha.

Karani, Eustache, aliyesomea sheria kwa Kifaransa, aliwasikiliza akijifikicha macho.

"Mama, iko ruhusa ya bwana?"

"Sijui aliko."

"Mke wa mtu hafanyi biashara bila ruhusa ya mumewe. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kampala mama yangu ana mume, na duka ni lake," akasema Harriet.

"Kampala ni sheria ya Waingereza, madamu. Hii tuliachiwa na Wabelgiji. Nasikia kwao wenyewe walishaifuta." Akamgeukia Pudentienne. "Lete cheti cha kifo, nitakuandika leo."

Kumtangaza Frederick maiti kwa ajili ya duka? Hakuweza.

Alimwendea shemeji yake, Mutabazi, huko Kinyinya, nje ya mji. Huyo alifuata mila.

"Wewe ni mke wa ukoo wetu, shemeji. Nitakubali badala ya ndugu yangu. Lakini hizo cherehani zikae hapa kwangu."

Pudentienne alimshukuru, akarudi mjini kwa miguu.

"Andikisha kwa jina lako," alimwambia Harriet. "Wewe hujaolewa."

"Na wewe, dada?"

"Niandike mfanyakazi."

Harriet alibisha mpaka akalia. Pudentienne alimngoja amalize.

Duka lilifunguliwa karibu na Krismasi. Faida waligawana sawa, kama walivyopatana. Wateja walimwita Harriet patroni, yaani mwenye duka, na Pudentienne wakamwagiza chai. Hakuwasahihisha.

Siku moja alikuja binti kupimwa gauni la harusi. Pudentienne akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nauza vitenge. Nina kibanda changu Nyabugogo."

Pudentienne alishika utepe kiunoni mwa yule binti. Alitaka kumwambia jambo, lakini lingekuwa refu, na mgongo ulikuwa ukimuuma tangu asubuhi.

"Inua mikono," akasema.