Seli Zilizogoma Kutulia

Maabara nzima ilimwita Shangazi, kwa kuwa alirudi chuoni akiwa na watoto wenye ndevu. Wenzake walisaka uzamivu ili waitwe Daktari. Yeye aliusaka kwa sababu vidole vya mama mkwe wake vilivimba kila asubuhi, vikawa vyekundu na vya moto, na hakuna aliyejua nani huko ndani anapiga kengele bila hatari yoyote.

Njia ya kengele aliifahamu. Seli ya kinga ina mlinzi mlangoni. Mlinzi akigusa ganda la bakteria, ananong'ona kwa jirani, jirani kwa jirani, umbea unasafiri hadi kwa protini moja iliyofungwa kamba nje ya kiini. Kamba ikikatika, protini hiyo inakimbilia ndani ya kiini, inaamsha jeni, na seli inaanza kumwaga protini za kuita majeshi. Hapo ndipo mtu anavimba. Dawa ya Shangazi ilikusudiwa kuilinda ile kamba.

Shida ni kwamba seli zake zilikuwa na hasira za bure. Hata zile ambazo hazikuchokozwa kwa ganda lolote, zilizotakiwa kulala tu ili awe na cha kulinganisha, zilipiga kengele. Kila kishimo cha kisahani cha vipimo kiligeuka njano, rangi ya kengele iliyolia. Bila seli tulivu, nani ajue kama dawa inatuliza?

"Shangazi," akasema mkuu wa maabara, mtu wa kuvaa koti jeupe hata harusini, "Ijumaa ukiniletea njano tena, meza hiyo nampa mwingine, na masomo yako yaishie hapo. Labda seli zako zimekuiga tabia."

"Zingeniiga, Profesa, zingeshakujibu."

Wenzake wakazama kwenye hadubini, mabega yakitikisika.

Alikuwa amebadilisha damu ya kutolea seli, glavu, hata manukato. Vyombo hakuvishuku, maana alivipitisha mwenyewe kwenye mashine ya mvuke, na humo hakuna bakteria aliyewahi kutoka hai. Kwenye maabara ile mvuke ulikuwa dini: kilichopita humo kimetakasika, na mwenye shaka akasali kwingine.

Jioni yuko jikoni anakoroga sufuria, mara mumewe, fundi magari mwenye kifua kama mlango, akaruka juu ya kiti. Nyoka! Mama mkwe akainama, akaokota kipande cha mpira wa gesi.

"Alitikisika, mama! Nimemwona!"

"Umemtikisa wewe kwa mguu. Shuka, baba, kiti hicho cha urithi." Akamgeukia mkwewe. "Tangu aumwe na nyoka utotoni yuko hivi. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Na nyoka akiwa mfu, mama?"

"Mfu, gamba, kamba, kwake yote mamoja. Huyu hangoji kuuliza hali."

Mwiko ukamponyoka Shangazi. Mlinzi wa seli naye haulizi hali! Mvuke unaua bakteria, lakini maganda yao yanabaki yamegandia kwenye kioo, na ganda ndilo linalomshtua.

"Mungu wangu! Nimekuwa nikiziwekea maiti!"

"Maiti gani tena?" akauliza mume, akiichungulia sufuria kwa mashaka.

Kesho yake vyombo vyote vya kioo vikaingia kwenye tanuri ya joto kavu, vikaokwa mpaka maganda yakaungua kabisa. Maji ya zamani akayamwaga, akatumia yaliyopimwa kuwa hayana maganda.

Ijumaa akakitua kisahani mbele ya mkuu. Seli zisizochokozwa: hazina rangi, kama maji matupu. Zilizochokozwa: njano ya kukereketa macho. Zilizochokozwa zikiwa zimeshapewa dawa: njano ya mbali, kama mtu aliyetaka kugomba akaona haya. Mkuu akakigeuza kisahani, akakinyanyua kwenye mwanga, akakohoa.

"Meza ni yako," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Vyombo vyangu mimi pia… ni vya mvuke."

Mchana foleni ya tanuri ilifika mlangoni, na Profesa yumo, amekumbatia chupa zake kama mtoto mchanga, anajaribu kupenya.

"Nyuma, Profesa! Tanuri haina cheo!" akafoka Shangazi, aliyejiteua kusimamia foleni. Kisha akampigia simu mama mkwe.

"Mama! Zimelala! Seli zimelala!"

"Basi acha kelele, mwanangu, usije ukaziamsha."