Nilivyokwenda Albertville Kuuguza Wagonjwa wa Kansa

Niliondoka Moba, kando ya ziwa, kwa sababu ya shangazi wa tajiri wangu wa dagaa. Alikuwa na kidonda cha titi, na watu walikuwa wakikimbia harufu. Mimi niliingia, maana siwezi kupita mlango bila kuchungulia. Nilimfukuzia nzi mpaka alipofariki, na tangu hapo nikataka kujua kidonda kile ni kitu gani. Baharia mmoja akaniambia kuna mtawa Mzungu huko Albertville, Masera kama tunavyowaita, anayefundisha watu kuuguza kansa. Wenye diploma walikuwa wameikataa kazi hiyo. Mimi niliacha shule mapema, kwa hiyo nilijiona nafaa.

Ziwani, nahodha aliniuliza ninafuata nini.

"Kazi ya hospitali, Papa."

"Ya kufagia?"

"Ya kansa."

Akanihamishia nyuma ya boti, peke yangu na magunia ya mihogo, ingawa nilimweleza kwamba bado sijaanza.

Kule Albertville, Masera alinipa koti jeupe na onyo. "Kesho utafunga kidonda cha mama wa dirishani. Ukikunja pua, unarudi kwenu."

Asubuhi niliingia na sinia ya bandeji. Mama wa dirishani akageuka. Alikuwa mama mkwe wangu, ambaye tulionana kwa mbali tu siku ya arusi.

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wala hasemi naye, mpaka amletee mbuzi wa kufungua macho. Mimi nilikuwa natangatanga tangu arusi, na mbuzi sikumleta. Sasa nilitakiwa kumfunua titi. Nilirukia nyuma ya kabati. Yeye akajifunika blanketi mpaka kichwani.

"Masera," akasema Mama Feza, mgonjwa wa kitanda cha jirani, "huyu njo mukwe yake. Hawawezi kuonana."

"Kidonda hakingoji. Asipokifunga, kazi hii si yake."

Blanketi likasema, "Mama Feza, mumuulize ule muntu, mbuzi yangu iko wapi?"

"Mumuambie Mama, iko mu njia," nikajibu kutoka nyuma ya kabati.

"Tangu arusi iko mu njia. Inatembea na magoti?"

Wodi nzima ilicheka. Masera, mwenye haraka zake, alitoka akarudi na kuku wa watawa badala ya mbuzi, akamweka kitandani.

"Kuku ni ya Masera," likasema blanketi. "Basi Masera njo mukwe yangu. Naye asiniangalie."

Masera aliketi, amechoka. Mimi nilikuwa naona doa likipanuka kwenye blanketi. Mbuzi alikuwa mbali.

"Mama Feza, mumuambie sina kitu, ila viatu."

"Avitoe, aviweke chini ya kitanda yangu mpaka mbuzi ifike. Bila viatu hatakimbia tena mutoto wangu."

Nikavivua. Blanketi likashuka, akanitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe uso njo huu," akaniambia mwenyewe. "Mutoto wangu Ngoie alinidanganya. Haya, fungua."

Bandeji ya zamani ilikuwa imegandana na nyama. Masera akanionyesha kuilowesha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kungoja, kisha kuivuta polepole. Kila nilipovuta, mama mkwe alitukana kitu kipya: uvivu wangu, ukoo wangu, masikio yangu. Sikukunja pua, naye hakulia.

Jumamosi nilipanda treni ya Kabalo pekupeku, kumfuata mke wangu Ngoie na mbuzi. Hakuuliza habari za kazi.

"Mama anaumwa sana?"

"Anatukana vizuri."

Akalia kidogo, kisha akaenda kumfunga mbuzi kamba.

Tuliporudi, mama mkwe alipokea mbuzi na kunirudishia viatu, na Masera akanibakiza kazini. Kansa hatukuiponya, na yeye hakunificha hilo. Nilijifunza kulowesha, kungoja, na kumwachia mgonjwa jambo la kusema wakati mkono unafanya kazi. Mvua zilipoanza, mama mkwe hakuwa tena na nguvu za kunitukana. Nikawa najitukana mwenyewe kwa niaba yake, na yeye akitikisa kichwa kila niliposahau masikio.