Jumapili Katikati ya Bahari

Marehemu mke wangu alikuwa mtandika mazulia ya lifti. Ametangulia miezi minne sasa. Wengi wanamjua kwa ukali wake. Kazi yake hawaijui.

Meli ile ya watalii ilikuwa na ghorofa kumi na sita, mabwawa matatu ya kuogelea, bomba la kuteleza, na lifti kumi na mbili. Kila lifti ilikuwa na zulia lenye jina la siku, maana abiria wakila na kulala tu wanasahau siku. Kila alfajiri yeye aliondoa la jana, akatandika la leo. Tulimwita Mama Mazulia, ingawa mtoto hakuwa naye hata mmoja.

Hakujua kusoma. Alifuata rundo: la juu ndilo la leo. Msimamizi angegundua, angemshusha bandari ya mbele.

Mimi nilikuwa dobi kule chini. Siku moja nikafua mazulia, nikayarudisha shaghalabaghala. Mimi pia sikujua kusoma. Kuandika nimejifunza uzeeni.

Alhamisi ikawa Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ya kushuka. Asubuhi abiria mia nane wamepanga foleni mlangoni na masanduku, nje maji matupu. Bibi mmoja anauliza teksi ziko wapi.

Msimamizi akatuita kwenye lifti, povu linamtoka.

“Wewe! Zulia hili limeandikwa nini?”

“Si umelikanyaga, bosi? Sogea kwanza.”

Akasogea. Mama Mazulia akainama, akalipangusa zulia kwa kiganja.

Nikajitosa. “Bosi, kosa langu. Nimeyapanga mimi.”

“Haya, soma wewe.”

Nikakaza macho. “Jumanne.”

“Mnashuka wote wawili!”

Lifti ya pili ikafunguka. Nahodha huyo, sare nyeupe, medali kifuani, hotuba ya kuaga abiria mkononi. Akatazama masanduku. Akatazama bahari. Akatazama zulia.

“Nahodha, hawa hawajui kusoma,” msimamizi akasema. “Nawashusha.”

Nahodha akaikunja hotuba, akaitia mfukoni. “Na aliyeliamini zulia, naye ashuke?”

Msimamizi akarudi nyuma hatua moja.

“Mazulia yashonewe alama, wabaki. Na mimi hapa hamkuniona.”

Mchana tukakaa kula.

“Nani alikutuma uingilie?” Mama Mazulia akaniuliza.

“Ungeshushwa.”

“Na wewe ungeshushwa pia, mjinga wewe.”

“Basi tungeshuka wote.”

Akanisogezea nyama yake yote. Nikaila, nikajua nimepata mke.