Matembele ya Nyuma ya Bafu

Harufu ya kabichi inayochemka hunitoa jikoni hata leo. Hunirudisha Isevya, mwaka tulipohamia Tabora kutoka kijijini Nzega, mama akiwa mjamzito na mimi nina miaka kumi. Baba alikuwa fundi baiskeli kule mtaa wa Ng'ambo. Kiswahili cha mama kiliishia kwenye shikamoo na bei ya chumvi, hivyo kila alikokwenda mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Nyuma ya bafu, yalikotiririkia maji ya kuogea, alipanda matembele. Tuliyala kwa karanga siku nenda siku rudi, mpaka wenzangu shuleni wakaniita Matembele. Kwao walikula kabichi, mboga ya kununuliwa, nami niliitamani kuliko viatu.

Siku moja kliniki, nesi mmoja mpole, mtu wa Pwani, alivuta chini ukope wa jicho la mama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, mwambie mama damu imepungua. Ale matembele kila siku, ayakamulie ndimu. Kabichi si mbaya, ila ni maji mengi. Kwa kuongeza damu haifui dafu mbele ya matembele." Mama akaniuliza kwa Kinyamwezi amesema nini. Nikamjibu, "Amesema ule kabichi." Alishangaa kitu cheupe vile kitaongezaje damu, lakini aliniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Tangu hapo baba akawa anarudi na kabichi nyuma ya baiskeli. Mama hakuipenda. Aliimeza kama dawa, amefumba macho, na majani laini ya ndani akanisogezea mimi. Nami, Mungu anisamehe, niliyaona matamu. Kadiri tumbo lilivyokua ndivyo alivyozidi kuchoka. Akawa anafagia amekaa, anatafuna udongo wa kichuguu, viganja vimempauka. Matembele yasiyochumwa yalitambaa mpaka njiani, nikawa nayaruka niendapo shule. Kila asubuhi nilijiambia jioni nitasema, na kila jioni niliogopa fimbo. Alijifungua mtoto wa kike, kisha damu ikamtoka, naye hakuwa na ya akiba. Tulimzika kesho yake. Labda angekufa hata kwa matembele. Sijui, na kutojua huko kunanitafuna mpaka leo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haijaisha. Mtoto yule, mdogo wangu, sasa ni mjamzito na anakaa kwangu. Siku hizi matembele yanapangwa mafungu sokoni, wenye magari wanasimama kuyanunua, na hakuna mtoto anayechekwa kwa ajili yake. Wiki iliyopita baba, mzee sasa, alikuja kututembelea akaona sahani ya mdogo wangu. "Mbona matembele? Mnunulie kabichi, kama ulivyomhimiza mama yenu." Akamgeukia mdogo wangu. "Huyu dada yako ndiye aliyemtunza mama yako mpaka mwisho." Nikasema, "Baba, nesi alisema matembele." Alidhani nazungumzia nesi wa mdogo wangu. "Basi," akasema, akivuta bakuli la kunawia, "wa siku hizi wanajua kuliko yule wetu." Sikumsahihisha. Nilimmiminia maji, akanawa, akala.