Radi Haijui Kiswahili

Nilipokuwa mtoto sikuogopa kitu, uliza mtu yeyote wa Hai Cinema, mtaa wetu wa Juba. Tulikuwa tumerudi kutoka kambini Uganda, na mdomoni nilikuwa na Kiswahili, Kiarabu cha Juba na Kiingereza cha kutosha kumjibu mwalimu vibaya. Nilijiona msomi, hata baada ya kuacha shule.

Habuba, mama yake baba, alikuwa na lugha moja zaidi, Kilulubo, ambayo sisi wajukuu tuliiona ya watu wa mlimani. Alitulazimisha jambo moja tu: radi ikinguruma juu ya nyumba, simama mlangoni, uitajie babu yako na ukoo wako, halafu uiombe ipite. Kwa Kilulubo. "Wazee walijijulisha kwake zamani," alisema. "Hiyo Kiarabu yenu, radi haijui."

Alasiri moja habuba alikuwa bandarini, kule mtoni, akinunua samaki, mbingu ikafunga. Ngurumo ya kwanza ikatikisa mabati, na mdogo wangu Yunisi akaingia uvunguni.

"Iambie ipite," akalia.

"Tulia, naongea nayo."

Nikasimama mlangoni, kifua mbele. Maneno ya habuba sikukumbuka hata moja. Wakati anafundisha si nilikuwa nacheka. Nikaiamuru kwa Kiswahili. Nikarudia kwa Kiarabu. Mwisho nikaweka Kiingereza, labda ni radi ya ofisini.

Ikapasua mwarobaini wa jirani. Yunisi akasogea kunipisha uvunguni.

Habuba akaingia amelowa chapachapa, kapu bado kichwani. Akageukia mlango, akasema yale maneno polepole, kama anayesalimiana na jirani. Ngurumo iliyofuata ilisikika ng'ambo ya mto. Kisha akainama kutuchungulia.

"Wewe naambia hiyo radi nini?"

"Alisema Kiswahili," Yunisi akanichoma.

"Wewe iko mjinga sana," akasema habuba, kwa Kiswahili chake cha kambini, akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa natengeneza simu Hai Jalaba, na simu iliyonishinda mimi, itupe. Lakini habuba alinishinda. Uzee ulimnyang'anya Kiarabu, kisha Kiswahili, ikabaki ile lugha ya mama yake. Anaomba kitu, tunampa maji. Anasukuma kikombe, analia. Nyumba imejaa wajukuu na hana wa kuongea naye.

Nikatafuta mama mmoja wa kanisani anayekijua Kilulubo vizuri. Kila Jumapili nakwenda kwake na binti yangu Rebeka. Mtoto ananipita mbali. Anasema mimi natamka kama natafuna mfupa.

Juzi mvua ikaja na radi yake. Rebeka akasimama mlangoni, akajitaja mpaka kwa babu wa babu, akaiomba ipite. Kama ilimsikia, sijui. Radi huenda zake. Ila kutoka kitandani nyuma yetu sauti ikajibu, sentensi ndefu, ya furaha.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza mimi ni mtoto wa nani."

Rebeka akamtajia jina langu. Habuba akafikiri kidogo, akasema kitu, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Haya, sasa?"

"Anasema, aa, yule mjinga wa radi."

Miaka yote nilidhani maneno yale ni ya kuifukuza radi, kumbe ni ya kujijulisha. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, nikamwomba Rebeka anifundishe namna ya kusema ndiyo, ni mimi.