Ndege Yetu ya Albertville

Wiki iliyopita nilikosa usingizi siku nne kwa sababu ya herufi sita tu: A, L, B, E, R, T. Wenzangu tuliosoma pamoja shule ya msingi watanielewa, maana herufi hizo tulizijua kabla ya kujua kusoma.

Enzi zetu (nina miaka ishirini na sita, mnaotaka kucheka chekeni) Kalemie, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa na ndege yake yenyewe. Sizungumzii zile zinazotua na kuondoka. Yetu haikuondoka. Ilikuwa imelala nyuma ya ateliye, karakana ya zamani ya reli, ndege ndogo ya viti viwili. Bawa moja lilikuwa limekwisha kuwa kuni za mtu fulani, kitambaa cha mwilini kimeliwa na mvua, na mbavu zake za mbao zilionekana kama za samaki aliyebaki kwenye sahani. Tukitoka shule tulikimbilia huko, kandambili mkononi, tukinuka jasho na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wavulana ndio waliokuwa marubani. Mimi nilikuwa abiria, na kazi ya abiria ilikuwa kutapika. Ili nipewe kiti cha mbele ilinibidi nilete mihogo ya kuchoma, nami nililetea wale wezi mihogo mwaka mzima. Kigoma tulifika mara nyingi. Ulaya tulikwenda mara moja tu, mvua ikatukuta njiani tukarudi.

Mbele ya kiti cha rubani kulikuwa na kibati cha shaba, kimekatika nusu. Kipande kilichosalia kiliandikwa ALBERT, kisha mwanzo wa alama nyingine, kisha hewa. Mji wetu zamani uliitwa Albertville, jambo ambalo kila mtoto alilijua. Kwa hiyo ndege ilizaliwa hapa, na aliyebisha tulimpeleka kwa Papa Kalunga. Huyo alikuwa fundi mstaafu wa ateliye, akikaa mbele ya nyumba yake akiziba sufuria za mtaa mzima. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimwuliza alijibu lile lile, bila kuacha kugonga:

"Ile ndege? Tuliitengeneza sisi. Kwa mikono hii."

Mama alituambia sufuria yetu ya bukari, yaani ya ugali, imezibwa na mtu aliyetengeneza ndege, kwa hiyo tusiiache motoni sana, isije ikaruka.

Mimi maneno ya Papa Kalunga niliyabeba kama yalivyo. Ndiyo yaliyonipeleka Lubumbashi kusoma makanika. Mwaka wa kwanza profesa aliuliza nani anaweza kutaja mahali ndege zinapotengenezwa, nami nikainua mkono, nikataja Albertville. Ukumbi mzima ulicheka mpaka profesa mwenyewe akavua miwani ajifute machozi. Kuanzia siku ile jina langu likawa "Albertville", mpaka siku ya kupewa diplome. Nilivumilia, kwa kuwa nilikuwa na mashahidi wawili: kibati na Papa Kalunga.

Mwaka huu wazazi wa shule yetu ya zamani wameamua kuyahamishia mabaki ya ndege kwenye uwanja wa shule, kuyajengea paa na kusimamisha kibao chenye kusema kwamba ilitengenezwa Kalemie. Jumapili baada ya misa Papa Kalunga angekaa kiti cha mbele, watu wampigie makofi. Maneno ya kibao aandike nani? Aandike mwenye diplome, ambaye pia hana kazi ya kumzuia. Nikakubali. Nikaenda kukisugua kibati kwa limau na majivu, na hapo nikaharibu kila kitu. Ile alama baada ya T, ambayo sote tuliisoma kuwa mwanzo wa V, ilikuwa imepinda. V haina tumbo. Ilikuwa alama ya kufungua mabano.

Mtu mwenye akili timamu angemaliza kusugua akaenda kula. Mimi nilikaa na simu siku mbili, nikitafuta ndege za viti viwili zenye mbavu za mbao, mpaka kwenye ukurasa wa wapenzi wa ndege za kale nikakuta kibati kama chetu, kizima: ALBERT (SOMME). Kumbe Albert ni mji wa kaskazini mwa Ufaransa, na watu wa kule wamezoea kuunda ndege kama sisi tulivyozoea kuanika ndagala. Mdogo wangu Furaha, wa miaka kumi na mitano, anayeniita yaya, yaani dada, alichungulia begani kwangu.

"Yaya, si mungeuliza simu tangu zamani?"

Watoto wa leo! Tangu zamani, simu gani?

Kwa hiyo sikulala. Nikiandika ukweli, mzee atakaa mbele ya mtaa mzima asomewe kwamba ni mwongo. Nikiandika uongo, nitawaachia watoto wa shule ile kile kicheko nilichopewa mimi. Niliandika sentensi moja kwa namna kumi na moja. Namna mojawapo ilianza na "inasemekana", nikaifuta kwa aibu. Ijumaa asubuhi mchora vibao akaniletea ujumbe kwamba rangi inakauka. Nikaenda kwa Papa Kalunga.

"Karibu, injinia. Sufuria gani imetoboka?"

"Hakuna, Papa." Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima, yakatoka ovyo. "Papa, ile ndege ilitengenezwa Ulaya."

"Eh." Akagonga. "Sasa wewe ulifikiri wapi?"

"Lakini Papa, ulisema muliitengeneza ninyi!"

"Ndiyo, njo tuliitengeneza! Ilitua vibaya kule mtoni Lukuga, muguu umevunjika, bawa limepasuka. Mwenye ndege alisema ni ya kutupa. Tukaitengeneza, ikaruka. Ilipovunjika mara ya pili, yeye alikuwa amekwisha kurudi kwao." Akaniangalia vizuri, kama anayetafuta tundu kwenye sufuria. "Mama, ulifikiri tuliizaa?"

"Watoto wote tulifikiri hivyo."

"Ukiniletea sufuria niitengeneze, ninakuwa mama yake?" Akaweka nyundo chini ili acheke vizuri. "Na munasoma mpaka universite!"

Utoto wangu wote neno moja lilikaa kati yetu na mzee huyu, na hakuna aliyeligeuza kuona upande wake wa pili. Furaha hupata jibu kabla hajamaliza swali, lakini hajawahi kufika Kigoma kwa ndege yenye bawa moja. Sijui kati yetu nani amepata hasara. Hilo nalo nimeliwaza kupita kiasi.

Mchana ule ule nilimpelekea mchora vibao karatasi yangu. Aliisoma akifuata kwa kidole: NDEGE HII ILITENGENEZWA ALBERT, UFARANSA. IKATENGENEZWA KALEMIE NA PAPA KALUNGA NA WENZAKE.

"Injinia, umerudia neno."

"Najua."

"Nikate moja? Kibao ni kidogo."

"Punguza ukubwa wa herufi," nikamwambia. "Neno usilikate." Nikasimama pale pale mpaka akaliandika mara ya pili.